Shajara ya paa: kuchagua bati la nyumba Cape Coral, Florida

Januari, wiki ya kwanza. Nyumba na barua

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1996. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa, kuta za tofali za saruji, paa la mteremko wa pande nne. Imeezekwa kwa vigae vya lami, yale maganda mepesi yenye chenga za mawe juu ambayo ndiyo paa la walio wengi Marekani. Nyuma ya uwanja kuna mfereji wa maji ya chumvi unaoelekea mto Caloosahatchee na kisha Ghuba ya Meksiko. Mfereji huo utarudi sana katika shajara hii, kwa sababu chumvi ndiyo iliyoamua nusu ya mambo.

Kimbunga Ian kilipotua kisiwa cha Cayo Costa tarehe 28 Septemba 2022, kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa, kiling'oa vigae vya upande mzima wa paa letu. Tuliweka viraka. Kimbunga Charley kilitua kisiwa hichohicho tarehe 13 Agosti 2004 na upepo wa kiwango hichohicho, kwa hiyo hapa hakuna anayeweza kusema jambo hili hutokea mara moja katika maisha. Oktoba 2024 Milton kikapita kaskazini mwetu, kikatua Siesta Key, na pamoja na umbali huo viraka vilifunuka, maji yakaingia chumba cha watoto.

Sasa imefika barua ya kampuni ya bima: mkataba unaisha Juni, hawatauhuisha mpaka waone paa jipya. Msimu wa vimbunga nao unaanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Kwa hiyo tuna miezi mitano.

Tumekubaliana nyumbani kwamba litakuwa bati. Mimi nimekulia Mtwara, bati kwangu ndiyo paa. Huku ni chaguo linalomtaka mtu ajibane kwanza, maana bei yake inazidi ya vigae zaidi ya mara mbili. Naandika kila uamuzi na sababu yake kwa ajili ya Waswahili wenzangu walionunua nyumba Florida, Texas na Louisiana, ambao wanaambiwa na kila muuzaji kwamba bati lake "halitikiswi na kimbunga". Nataka kujua neno hilo lina uzito gani.

Januari, wiki ya tatu. Darini na tochi

Kabla ya kuomba bei kwa mtu yeyote nimepanda darini. Nawashauri wote wafanye hivyo, asubuhi na mapema, kabla joto halijakaa.

Huku papi, zile mbao za kulalia bati, hazipo kama tulivyozizoea. Juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) wanapigilia plaiwudi paa zima, na kinachoezekea kinakaa juu ya plaiwudi hiyo. Maana yake ni kwamba bati langu litashikwa na plaiwudi, plaiwudi itashikwa na kenchi, kenchi itashikwa na ukuta. Upepo hauna haja ya kulishinda bati. Utatafuta kiungo dhaifu kuliko vyote.

Kiungo hicho nimekiona kwa macho. Nilipopitisha tochi kwenye ubavu wa kenchi ya nne kutoka mlango wa dari, ncha za misumari zilimeremeta kwa mstari, zikiwa zimetokeza nje ya mbao, upana wa kidole kando yake. Misumari ile ilikosa kenchi siku ile ya 1996 na imekaa hewani mpaka leo bila kushika chochote. Niliugusa mmoja, ukacheza. Na ile iliyopata mbao imeachana sana katikati ya ubao, inchi 12 kati ya mmoja na mwingine.

Hadithi hii Florida inaijua. Kimbunga Andrew kilipopiga Homestead, kusini mwa Miami, tarehe 24 Agosti 1992, zaidi ya nyumba 25,000 ziliangamia, na waliochunguza mabaki walikuta mapaa ambayo plaiwudi yake ilikuwa imepigwa kwa pini za bunduki ya hewa, nyingi zikiwa zimekosa kenchi vilevile. Baada ya hapo ndipo jimbo likatunga kanuni moja ya ujenzi kwa kaunti zote, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002. Nyumba yangu ilijengwa baada ya funzo la Andrew lakini kabla ya kanuni kufika. Nyumba za kipindi hicho ni nyingi mno mjini hapa.

Habari njema iko kwenye ukuta. Kila kenchi imefungwa kwa ukanda wa chuma uliochimbiwa kwenye saruji, unapita juu ya mbao na kupigiliwa misumari upande wa pili. Nimepiga picha kila ukanda, na futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Picha hizo zitahitajika.

Februari, mwanzoni. Upepo unafanya nini juu ya paa

Watu wengi hufikiri kimbunga kinasukuma paa. Kinalinyonya. Upepo unapopanda juu ya ukingo wa nyumba unaachana na bati, unajikunja, na pale unapojikunja hewa inavuta kwenda juu. Mvuto huo ni wa wastani katikati ya paa, mkali kwenye kingo, na mkali kuliko kote kwenye kona. Kwa nyumba ya kimo cha yetu ukanda huo wa hatari una upana wa mita moja na kidogo tu kuzunguka paa. Kazi ya kweli imo humo.

Nimefanya hesabu mezani. Upepo wa kilomita 240 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 277 kwa kila mita ya mraba. Huo ndio msingi; kwenye kona mvuto unaweza kufika maradufu na zaidi. Halafu nguvu hiyo haiendi sambamba na mwendo: inakua kwa kipeo cha pili. Upepo ukiongezeka kwa robo, kutoka kilomita 193 hadi kilomita 240, nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana paa lililostahimili Milton halijathibitisha chochote kuhusu Ian ijayo.

Kuna na upande wa ndani. Dirisha likivunjika, au mlango wa gereji ukiingia ndani, upepo unajaa nyumbani na kusukuma dari kwenda juu wakati huohuo nje bati linanyonywa. Paa linabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo. Nimeandika "mlango wa gereji" kwenye orodha ya matumizi, na nimemwambia mwenzangu kwamba pesa yake isiguswe hata bei ya bati ikipanda.

Umbo la paa letu linatusaidia. Paa la pande nne halina ule ukuta wa pembetatu ambao upepo unaupiga uso kwa uso.

Februari, katikati. Skrubu zinazoonekana, au mshono

Yako mabati ya aina mbili sokoni.

La kwanza ni ndugu wa bati la nyumbani: lina migongo, linafungwa kwa skrubu zinazotoboa bati lenyewe, kila skrubu ikiwa na washa ya mpira chini ya kichwa. Ni rahisi, na likifungwa kwa idadi ya skrubu iliyopimwa linaweza kushika vizuri sana. Sitaki kulisema vibaya. Shaka yangu iko kwenye umri. Bati linapanuka kwa jua na kusinyaa usiku, kila siku, na skrubu imeligandamiza palepale. Tundu linapanuka kidogo kidogo, mpira unakauka, na paa moja lina maelfu ya matundu. Mwenye bati hili anapaswa kukubali kupanda juu na kukaza au kubadilisha skrubu baada ya miaka kadhaa, na najua kwa hakika kwamba wengi wetu hatutapanda.

La pili ni bati la mshono uliosimama. Karatasi ni ndefu, kutoka kofia (kilele cha paa) hadi ukingo wa chini bila kiungo, na ubavu wake unanyanyuka wima. Chini ya ubavu huo kuna klipu za chuma zilizofungwa kwa skrubu kwenye plaiwudi. Karatasi inayofuata inakuja kufunika, na hakuna skrubu hata moja inayotoboa uso wa bati katikati ya paa. Hili nalo lina ndugu wawili. Moja mshono wake hugandamizwa tu mpaka ujifunge kwa mlio. Jingine mshono wake hukunjwa kwa mashine inayotembea juu ya paa, mkunjo mmoja au miwili, kama upindo wa suruali. Mkunjo wa mara mbili ni mgumu kufunguka kuliko aina zote za mshono, na ndio ninaoutaka.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi wa kuezeka Mtwara. Nilimtumia picha kwa WhatsApp, nikimweleza geji (namba ya unene; ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi) na rangi. Akanijibu kwa sauti: "Shemeji, bati nimeliona, zuri. Sasa niambie limepigiliwa kwenye nini, na ukingoni umelishikaje?" Wauzaji wote niliokwisha kuongea nao hawakugusa swali hilo.

Februari, mwishoni. Chuma au alumini

Hapa mfereji wa nyuma unaamua.

Mabati mengi ya huku ni chuma kilichopakwa mchanganyiko unaouzwa kwa jina la Galvalume: alumini asilimia 55, zinki karibu asilimia 43, na silikoni kidogo. Ni ngao nzuri sana mahali pa kawaida. Pembeni mwa maji ya chumvi ni habari nyingine. Ngao inalinda uso, lakini kila mahali bati lilipokatwa kwa mkasi chuma kimeachwa wazi, na chumvi huingilia hapo. Nilisoma dhamana za watengenezaji mmoja baada ya mwingine, maandishi madogo ya mwisho. Nyingi zinasema dhamana haifanyi kazi nyumba ikiwa ndani ya umbali fulani kutoka maji ya chumvi, na futi 1,500 ni kipimo ninachokikuta mara kwa mara. Mfereji wangu uko ndani ya kurusha jiwe. Mmoja wa wauzaji alikuwa akiniambia "dhamana ya maisha" huku karatasi yake mwenyewe ikiniondoa kwenye ukurasa wa tatu.

Alumini haioti kutu nyekundu. Ikikatwa, inajifunika yenyewe kwa utando mwembamba. Kasoro zake ni tatu. Ni laini kuliko chuma, kwa hiyo inatakiwa iwe nene zaidi kupata ugumu uleule; tunazungumzia milimita moja, wakati bati la chuma geji 24 ni milimita 0.6 hivi. Ni ghali. Na inapanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma. Karatasi ya mita 8, ikipitia mabadiliko ya nyuzi 50 kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali, inarefuka karibu milimita 9. Ukiibana pande zote mbili itavimba mawimbi au itang'oa vifungio vyake. Kwa hiyo klipu ziwe za kuteleza: mguu umefungwa, kichwa kinatembea na bati.

Alumini pia haipatani na shaba. Maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba la kiyoyozi, au mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, hulila. Bomba letu la kiyoyozi linatoa maji juu ya ukingo wa gereji. Limeingia kwenye orodha ya kuhamishwa. Skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Rangi: nyeupe ya kijivu, ya aina ya PVDF, ambayo haipauki upesi juani. Rangi nyepesi hurudisha joto angani. Hilo halikutuchukua muda.

Machi, wiki ya kwanza. Karatasi ya kipimo

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye nyumba aisome polepole.

Florida hairuhusu bati kufungwa kwa maneno ya muuzaji. Kila mfumo wa paa lazima uwe na kibali cha bidhaa cha jimbo, na kaunti ya Miami-Dade ina chake chenye masharti makali zaidi. Kibali kina namba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya jimbo, inafunguka michoro ya mhandisi, na ndani yake kuna jedwali. Jedwali hilo linasema: bati la upana huu, unene huu, klipu ya aina hii, skrubu za urefu huu, juu ya plaiwudi ya unene huu, klipu zikiachana inchi kadhaa, linastahimili mvuto wa kiasi fulani. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo na namba ya mwisho si yako tena.

Vipimo vyenyewe hufanywa maabara. ASTM E1592 na TAS 125 ni majina utakayoyakuta: paa dogo linajengwa, hewa inasukumwa kutoka chini mpaka kitu kiachie. Kwa kawaida kinachoachia ni mshono kufunguka, au skrubu kuchomoka kwenye plaiwudi. Nimeangalia michoro mingi sasa, na bati jembamba la upana wa inchi 12 mara nyingi linashinda bati nene la inchi 18, kwa kuwa klipu ziko karibu zaidi kwa upana. Geji pekee, ambayo ndiyo wauzaji wanayoitangaza, haijibu swali.

Kwa hiyo kila mkandarasi aliyekuja nilimuuliza jambo moja: nionyeshe kwenye mchoro umbali wa klipu za kona. Mmoja alinifungulia kitabu cha rangi. Mwingine alisema vijana wake wana uzoefu wa miaka mingi. Mwanamke mmoja, mwenye kampuni ndogo ya familia, alivua miwani, akafungua simu, akaingiza namba ya kibali bila kuitafuta, akanionyesha safu tatu za jedwali: katikati, kingo, kona. Kwenye kona klipu zilikuwa mara mbili ya za katikati. Kisha akaniuliza kama nimeangalia misumari ya plaiwudi. Nikamwonyesha picha za darini. Alikaa nazo muda mrefu kuliko alivyokaa na kikokotoo.

Kazi tumempa yeye. Hakuwa wa bei ya chini.

Machi, katikati. Maneno yanayozunguka

Maswali ninayoulizwa msikitini na kazini yamejirudia, nayajibu hapa. Bati haliiti radi. Radi hufuata kilicho kirefu, na bati angalau haliwaki moto. Kelele za mvua: zile tulizozijua nyumbani zinatokana na bati kukaa juu ya papi na uwazi chini yake. Bati lililolala juu ya plaiwudi na utando mzito halipigi kelele ile. Nimeingia nyumba ya rafiki wakati wa mvua kubwa kuhakikisha.

Tuliambiwa pia na kijana aliyebisha hodi kwamba bati linaweza kufungwa juu ya vigae vya zamani bila kuvitoa, tuokoe pesa. Kanuni ina mahali inaporuhusu hivyo. Kwetu nimekataa papo hapo, kwa sababu vigae vikibaki plaiwudi haionekani, na misumari iliyokosa kenchi itabaki hewani chini ya bati jipya la gharama kubwa.

Aprili, wiki ya kwanza. Paa uchi

Kibali cha ujenzi kimetoka, kimebandikwa dirishani. Vigae vimeshuka vyote. Plaiwudi mbili karibu na bonde, pale miteremko miwili ya paa inapokutana, zilikuwa zimeoza, zimebadilishwa.

Nyumba ya kabla ya 2002 inapobadilishwa paa, kanuni inataka mambo mawili yafanywe kabla bati halijapanda: plaiwudi ipigiliwe upya, na kizuizi cha pili cha maji kiwekwe. Mkandarasi alipiga chaki mstari juu ya kila kenchi, kisha vijana wakapita na misumari yenye pete, ile ambayo mwili wake una mikato ya duara inayoshika nyuzi za mbao, kila inchi 6 na kingoni karibu zaidi. Nilikuwa darini na tochi wakati wanapiga. Msumari uliokosa nilikuwa nauita kwa sauti, nao wanapiga mwingine pembeni yake. Sikuombwa nifanye hivyo, lakini mama yule alifurahi, na vijana wake walizoea sauti yangu haraka.

Kizuizi cha pili ni utando wenye gundi unaobandikwa moja kwa moja juu ya plaiwudi yote. Tumechukua ule unaovumilia joto kali, kwa maana chini ya bati kunachemka na utando wa kawaida ungeyeyusha gundi. Utando huu kwangu ni muhimu sawasawa na bati lenyewe. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima, IBHS, ina maabara South Carolina yenye feni 105 zinazoweza kupuliza nyumba nzima, na walichokionyesha humo ni kwamba kifuniko kikishang'oka, maji ya mvua humiminika kupitia nyufa kati ya plaiwudi na plaiwudi. Nyufa hizo zikizibwa, sehemu kubwa ya maji hubaki nje. Chumba cha watoto kiliharibiwa na nyufa hizo. Kimbunga kingeweza kung'oa vigae vichache tu na bado tukapoteza dari.

Mkaguzi wa jiji amekuja, amepanda, ameinama kwenye kona zote nne, amehesabu misumari kwa kidole. Amesaini.

Aprili, wiki ya tatu. Ukingo

Mashine ya kukunja bati ililetwa kwenye trela. Koili ya alumini inaingia upande mmoja, karatasi inatoka upande wa pili ikiwa na mbavu zake, inakatwa kwa urefu wa paa letu hasa. Vijana wanatia alama kwa kalamu ya wino. Penseli wamekatazwa kabisa: unga wa penseli ukibaki juu ya bati na unyevu ukaja, huacha mstari wa kuliwa.

Nimekaa muda mwingi nikitazama ukingo wa chini, kwa ajili ya swali la shemeji. Hivi ndivyo unavyoshikwa. Kwanza ukanda mrefu wa bati nene umefungwa kwa skrubu kwenye plaiwudi kuzunguka nyumba nzima, na mdomo wake umetokeza nje kidogo ya fisha bodi. Karatasi ya paa inapolazwa, ncha yake inazidi ukanda kwa vidole viwili. Fundi analala kifudifudi, anaingiza koleo pana chini, anakunja ile ziada kurudi ndani mpaka inaukumbatia mdomo wa ukanda. Upepo ukija kutoka chini unakuta mdomo uliofungwa, hauna pa kuingiza kidole. Alinikunjia kipande cha majaribio nikajaribu kukivua kwa mikono, na sikuweza mpaka nilipokiteleza ubavuni.

Paa jirani, la bati la chuma lililofungwa mwaka jana kwa haraka, limekatwa sawasawa na ukingo na kuachwa wazi. Ukipita barabarani unaona mwanga kati ya bati na mbao.

Mshono umekunjwa kwa mashine, mikunjo miwili, ikitambaa kutoka chini kwenda kwenye kofia. Sehemu ambayo karatasi imefungwa bila kuteleza ni moja tu, juu karibu na kofia; kutoka hapo inashuka huru, ili zile milimita 9 zipate pa kwenda.

Aprili, mwishoni. Kwa Mtwara

Shemeji amepokea video ya ukingo, na tumeongea kwa kirefu. Ana mteja anayejenga karibu na ufukwe. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 2019 Mtwara ilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, kwa hiyo wateja wake wameanza kuuliza. Mashine ya mikunjo miwili na alumini ya milimita moja havitamfaa mtu wa kipato cha kawaida kule, na hakuna haja ya kujidanganya.

Tulichokubaliana kwamba kinawezekana ni hiki: ukanda wa chuma kila kenchi, uchimbiwe kwenye lenta ya zege na uzungushwe juu ya mbao, papi zikaribiane kwenye kingo na kona, zisiachane sawa paa zima, skrubu zenye mpira badala ya misumari ya kofia, na idadi yake iongezwe ukingoni hata kama katikati itabaki ileile, bati lisitokeze nje sana ya upenu. Geji 28 badala ya 30 kama pesa ipo, lakini pesa ya ukanda itoke kwanza. Aliniambia mteja wake alikuwa ametenga fedha kwa bati la rangi la geji nzito huku kenchi zikifungwa kwa waya. Atamshauri ageuze.

Mei, wiki ya pili. Fomu ya upepo

Paa limekamilika, ukaguzi wa mwisho umepita. Leo amekuja mkaguzi wa pili, wa fomu ambayo kampuni za bima Florida huitumia kukadiria nyumba itakavyostahimili upepo. Fomu hiyo ina maswali saba: nyumba ilijengwa chini ya kanuni ipi, kifuniko cha paa kina kibali gani, plaiwudi imeshikwa vipi, kenchi zimeungwa vipi na ukuta, umbo la paa, kizuizi cha pili cha maji, na kinga ya madirisha na milango.

Kwenye swali la kifuniko, anachotafuta ni kibali na tarehe. Kigae cha lami kilichofungwa juzi kwa kanuni ya sasa na bati letu hupewa alama sawa hapo. Nafuu yetu kubwa ya malipo ya bima imetoka kwenye misumari ya plaiwudi, ukanda wa ukutani, umbo la pande nne na utando. Picha za Januari na za Aprili zimeingia zote kwenye ripoti. Bila picha, kilichofunikwa na bati kinahesabiwa hakipo.

Bima wameuhuisha mkataba. Malipo ya mwaka yameshuka, ingawa hayajarudi yalikokuwa kabla ya Ian.

Bado kuna ya kufanya kabla ya tarehe 1 Juni. Dari za nje chini ya upenu zimeshikwa kwa pini nyepesi, na upepo ukizing'oa, mvua itapita chini ya bati lote hili na kuingia darini. Zinapigwa skrubu na kuzibwa kingo wiki hii. Bomba la kiyoyozi limeshahamishwa. Mlango mpya wa gereji, uliopimwa kwa upepo wa eneo letu, unafika Alhamisi.

Michoro ya kibali, jedwali la klipu, risiti na picha zote nimeziweka kwenye bahasha isiyopitisha maji, na nakala iko kwa dada Mtwara.